Kumwaga Mgonjwa Angali Hai: Somo Kutoka kwa Mwana Kupona

Utangulizi

Huko Makutano, mjini Meru, niliwahi kuketi katika kamati ya mazishi ya mama yangu mkubwa. Kila aliyesimama alimmiminia sifa. Hata hivyo, wengi wetu hatukuwa tumemzuru katika miezi yake ya ugonjwa, nami nilikuwa mmoja wao. Sifa zile zilimfaa nani? Makala haya yanachunguza mkesha wa kuaga, yaani kikao ambapo jamaa humwambia mgonjwa asiyetarajiwa kupona yale ambayo wangeyasema kaburini.

Mbolezi na utendi

Katika mbolezi, marehemu ndiye anayezungumziwa. Hana zamu ya kusema. Nchini Marekani, Profesa Morrie Schwartz aliukataa mpangilio huo. Kabla ya kufariki mwaka 1995, aliwaita jamaa na marafiki, akawasikia wakimsifu, naye akawajibu.

Fasihi yetu ina mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa beti zaidi ya 100 akiwa mgonjwa. Wahakiki wengi wamejadili nafasi ya mke katika utendi huo. Aghalabu tunasahau mandhari yake: mama anamwita bintiye aketi karibu, na wino na karatasi, amsikilize. Hapa nafsineni ni mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo, huu si mkesha kamili, kwa kuwa hatuisikii sauti ya binti. Mkesha wa kuaga humpa naye zamu.

Pingamizi la uchuro

Watu wa kwetu watasema kwamba kumwaga mtu angali hai ni uchuro, ni kumwitia mauti. Hofu hiyo isidharauliwe. Lakini Mwana Kupona anausia, na katika utendi uo huo anamwomba Mungu amwondolee maradhi. Kuaga na kutumaini vinakaa pamoja. Kimoja hakikifuti kingine.

Isitoshe, miongoni mwa Wameru na majirani zao, neno la mwisho la mzee liliheshimiwa mno. Kirumi, yaani katazo au laana ya anayekaribia kufa, liliweza kuwafunga watoto wake hata katika masuala ya ardhi. Kwa hiyo kukusanyika kando ya kitanda na kusikiliza si jambo la kigeni. Lililo geni ni sisi kumjibu mgonjwa: kumshukuru, na hasa kumwomba radhi.

Sharti moja ni la lazima: mgonjwa aridhie. Asiyetaka kuagwa asilazimishwe, na anayechoka upesi aachwe apumzike. Watu wachache na saa moja vinatosha.

Hitimisho

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Miongoni mwa haki za mgonjwa ni kuyasikia mema yake kwa masikio yake. Mama mkubwa ndiye aliyenifundisha kusoma, tena kwa Kiswahili. Nililitamka hilo mbele ya jeneza lake, na umati ukaitikia kwa makofi. Yeye peke yake ndiye niliyetaka anijibu.