Miale ya Gama kama Chombo cha Kuchunguzia Kiini cha Atomi

Makala haya yanajadili sababu inayoifanya miale ya gama itegemewe katika uchunguzi wa kiini cha atomi, ilhali protoni na chembe za alfa nazo zinaweza kutumika. Chembe hizo hukiathiri kiini kwa kani ileile ya kinyuklia inayochunguzwa. Hivyo si rahisi kutenganisha tabia ya kiini na tabia ya chombo. Fotoni hutenda kwa njia ya usumakuumeme, ambao kanuni zake zinajulikana barabara.

Thamani ya sifa hiyo ilidhihirika Cambridge mwaka 1934. James Chadwick na Maurice Goldhaber, kijana aliyekuwa ameihama Berlin mwaka uliotangulia, waliipiga hidrojeni nzito kwa miale ya gama yenye nishati ya elektronivolti milioni 2.62 (MeV), itokayo katika mfululizo wa thoriamu. Kiini chake kilivunjika kuwa protoni na nyutroni. Kwa kuwa nishati iliyoingia ilijulikana, na ile ya protoni ilipimwa, nishati iliyokuwa imekifunga kiini ilipatikana kwa kutoa tu. Leo inajulikana kuwa takriban MeV 2.22. Hesabu hiyo ilionyesha kuwa nyutroni ni nzito kuliko atomi ya hidrojeni. Dhana kwamba nyutroni ni protoni na elektroni zilizofungamana ikakosa mashiko, kwani kilichofungamana hakina budi kupungua uzito, si kuongezeka.

Vyanzo vya asili, hata hivyo, havimpi mtafiti nafasi ya kuchagua nishati. Betatroni nayo, iliyotumiwa na Baldwin na Klaiber mwaka 1947, ilitoa fotoni za nishati nyingi zilizochanganyika.

Ufumbuzi mmoja ni kugonganisha mwanga wa leza, uso kwa uso, na elektroni zinazokwenda karibu sawa na kasi ya mwanga. Fotoni ya elektronivolti 2 ikikutana na elektroni ya MeV 500 hurudi ikiwa na takriban MeV 7.5. Aidha, uga wake wa umeme huendelea kutetema katika mwelekeo uleule wa leza.

Jambo hili la mwisho ndilo lenye manufaa makubwa. Kiini humeza fotoni, husisimka, kisha hutoa nyingine. (Kusema kwamba fotoni “imeakisiwa” ni kupotosha.) Kwa kiini chenye idadi shufwa ya protoni na ya nyutroni, msisimko wa ncha-mbili wa kiumeme hautoi fotoni kuelekea upande ambao uga wa umeme unatetema, ule wa kisumaku hutoa upande huo, lakini hautoi upande wa uga wa sumaku. Vipokezi vikiwekwa pande hizo mbili, kwa nyuzi 90 kutoka njia ya miale, aina ya msisimko hubainika mara moja. Mwaka 2002 matokeo ya kutumia njia hiyo katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, yalichapishwa: misisimko ya bariamu-138 iliyopimwa ilikuwa ya kiumeme.