Kuku wamekufa baada ya gunia jipya? Linda ushahidi

Mfugaji wa Swima, Fizi au Baraka anayeshuku chakula cha kiwandani aokoe mifugo iliyobaki, kisha azuie ushahidi usipotee.

1. Acha kulisha chakula hicho mara moja. Usichanganye na pumba "kupunguza makali".
2. Usitupe gunia: lebo, namba ya toleo na tarehe ndizo zinazomfunga mtengenezaji.
3. Chota juu, katikati na chini mbele ya mashahidi. Gawa mafungu matatu: maabara, muuzaji, wewe.
4. Weka sampuli kwenye karatasi, si nailoni. Unyevu huotesha kuvu, na mtengenezaji atadai sumu ilianzia nyumbani kwako. Ndio utetezi wake wa kwanza.
5. Gunia la toleo hilohilo lisilofunguliwa? Usiliguse. Lina nguvu kuliko sampuli zote.
6. Mwite veterineri apasue mzoga ungali mbichi. Mdondo (Newcastle) nao huua kundi zima; lazima ithibitishwe kwanza kuwa si wenyewe uliowaua.
7. Mzoga usiliwe wala kutupwa ziwani.
8. Muulize muuzaji kama mzigo ulilowa mtumbwini. Jibu laweza kuhamisha lawama.
9. Hakuna risiti? Muuzaji aiandike kwa mkono, asaini.
10. Iandikie OCC (ofisi ya Kongo ya kudhibiti ubora wa bidhaa) kuomba kipimo, na utaje aflatoksini, sumu ya kuvu.
11. Kifungu cha 258 cha Sheria ya Madai ya Kongo (Code civil), Kitabu cha Tatu, kinadai mambo matatu: kosa, hasara, na uhusiano kati ya hayo mawili. Wengi huleta hasara tu.