Sindano Namba Ngapi? Maswali ya Wafumaji wa Sigowet

Sigowet ni nchi ya sweta. Wachumaji wanaingia shambani majani ya chai yakiwa bado yamelowa umande, alasiri mvua inashuka, mara nyingine ya mawe, na muhula ukikaribia kila mzazi anatafuta sweta ya rangi ya shule ya mwanawe. Anayejua kufuma hakosi mteja. Lakini maswali ninayoulizwa zaidi na akina mama na vijana wanaofuma hayahusu rangi wala mitindo. Yanahusu unene wa sindano na kulabu, na naamini sweta nyingi zinazorudishwa na wateja zimeharibikia hapo, kabla ya kitanzi cha kwanza kuanzishwa.

Swali: Mwalimu, nyanya aliniachia sindano zilizoandikwa 8. Dada yangu naye ametumiwa sindano kutoka Marekani, zimeandikwa 8 vilevile. Mbona zangu ni nyembamba?

Jibu: Zote zimeandikwa sawa, binti yangu, ila kila moja ina hesabu yake. Sindano za nyanya ni za hesabu ya zamani ya Kiingereza, na katika hesabu hiyo namba ikipanda, sindano inazidi kuwa nyembamba. Namba 14 ni milimita 2, namba 10 ni milimita 3.25, namba 8 ni milimita 4, namba 6 ni milimita 5. Wamarekani wanahesabu kinyume: namba ikipanda, sindano inanenepa. Kwao 6 ni milimita 4, 8 ni milimita 5 na 10 ni milimita 6. Kwa hiyo 8 ya nyanya na 8 ya dada yako zinapishana kwa milimita nzima, na hiyo inatosha kumgeuzia mtoto wa darasa la nne sweta ya kaka yake.

Waingereza wenyewe waliacha namba hizo miaka ya 1970 wakaingia kwenye milimita. Lakini sindano ya chuma haiozi, na vitabu vya zamani vya maelekezo bado vinazunguka mikononi mwa watu. Ndiyo maana hata leo utasikia mfumaji akisema sweta ya shule ni "namba 10 kwa pindo na namba 8 kwa mwili". Anasema kweli, mradi sindano zake ni za hesabu ile ya zamani. Ukienda dukani, taja milimita. Ukifuata maelekezo yoyote, angalia kwanza yametoka nchi gani.

Swali: Na kama namba imefutika kabisa?

Jibu: Ipime. Nenda kwa fundi wa mbao au wa vyuma, mwombe atoboe kipande cha ubao mgumu kwa biti za milimita 2, 3, 3.5, 4, 4.5, 5 na 6, kisha uandike kipimo kando ya kila tundu kwa kalamu isiyofutika. Sindano ni ya tundu dogo kuliko yote ambalo mwili wake unapita bila kulazimishwa. Nasema mwili, kwa sababu ncha imechongwa na itakudanganya. Kibao kimoja kinatosha chama kizima.

Ukiwa nyumbani huna fundi, chukua uzi wa cherehani, uzungushe kwenye sindano mara 10, mizunguko ikae bega kwa bega bila kupandiana. Weka alama mwanzo na mwisho, ukunjue, upime kwa rula. Ukipata sentimita 13 hivi, sindano yako ni ya milimita 4. Ukipata 16 hivi, ni ya milimita 5. Ukiwa chini kidogo ya 11, umeshika ya milimita 3.25.

Swali: Lebo ya uzi ilisema sindano ya milimita 4. Nikatumia hiyo hiyo. Sweta ikatoka kubwa na mama wa mtoto akakataa kuichukua. Nilikosea wapi?

Jibu: Sindano hukukosea. Uliamini lebo kuliko mkono wako. Lebo inaeleza alivyopata mtu mwingine: kwa uzi huu wa unene wa kati, ule wenye herufi DK, kwa sindano ya milimita 4, yeye alipata vitanzi 22 na mistari 28 katika mraba wa sentimita 10. Mkono wako huenda ni mlegevu kuliko wake. Tufanye hesabu. Umeanzisha vitanzi 88 kwa kifua cha mbele. Kwa vitanzi 22 kila sentimita 10, utapata upana wa sentimita 40. Mkono ukilegea ukapata vitanzi 20 tu, upana unakuwa sentimita 44. Nyuma nayo imeongeza 4. Mtoto wa kifua cha sentimita 80 amepewa sweta ya 88, na makosa yenyewe ni vitanzi viwili ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Dawa yake ni sampuli, na hapa siwaonei haya wanaosema inapoteza wakati. Inachukua jioni moja. Sweta iliyokataliwa inachukua wiki na uzi wote. Anzisha vitanzi 30 na ufume kwa mshono uleule utakaotumia kwenye sweta, mpaka kipande kifike sentimita 13 kwenda juu. Kifunge, kioshe kama mteja atakavyoosha, kilaze bapa kikauke. Usikipige pasi: uzi wa akriliki ukipata joto la pasi hulegea, na haurudi tena ulivyokuwa. Kikishakauka weka rula katikati, mbali na kingo kwa sababu kingo hujikunja, na uhesabu vitanzi ndani ya sentimita 10. Nusu kitanzi ihesabu pia. Ukiwa na vichache kuliko vinavyotakiwa, shuka sindano moja. Ukiwa na vingi, panda moja. Kisha fuma sampuli nyingine.

Wapo wanaojaribu kurekebisha kwa kukaza mkono badala ya kubadilisha sindano. Haifai. Mkono uliokazwa kwa makusudi hurudi kwenye tabia yake baada ya mistari michache, na sweta inakuwa na kiuno chembamba na kifua kipana. Pia kuna jambo la huku kwetu: vidole vilivyochuma chai tangu alfajiri havikazi uzi kama vidole vilivyopumzika siku ya Jumapili. Kama unafuma jioni, fuma sampuli yako jioni.

Swali: Nikitumia sindano nene, sweta itakuwa na joto zaidi?

Jibu: Hapana, mama. Kwa uzi uleule, sindano nene hutoa matundu makubwa na upepo wa asubuhi unapita. Joto linatokana na hewa iliyotulia ndani ya nyuzi. Lakini usikimbilie sindano nyembamba mno pia, kwa maana ukiibana nguo sana unaitoa hewa hiyo, nguo inakakamaa, na unakula uzi mwingi zaidi kwa upana uleule. Nguo nzuri ukiivuta inarudi, na ukiiinua kwenye mwanga unaona nukta ndogondogo tu. Kama mteja wako anaishi huko chini Soin, kunakoshuka kuelekea uwanda wa joto, hapo mfumie kwa sindano iliyopanda nusu milimita na nguo itapumua.

Swali: Mimi hununua sweta za mitumba nikazifumua. Uzi hauna lebo. Nitajuaje sindano yake?

Jibu: Uoshe kwanza uzi huo, uutundike ukiwa umefungwa kitita ili yale makunyanzi ya ufumaji wa zamani yanyooke. Uzi wenye makunyanzi hujifanya mnene. Ukishakauka, uzungushe kwenye rula bila kuuvuta, mizunguko ikigusana, na uhesabu mizunguko iliyomo ndani ya sentimita 2.5. Ikifika 15 au 16, anza na sindano ya milimita 3 au 3.25. Ikiwa 11 hadi 13, anza na milimita 4. Ikiwa 9, jaribu 5. Ikiwa 7, jaribu 6. Nasema anza na nasema jaribu, kwa sababu sampuli ndiyo itakayokata shauri.

Swali: Sindano za spoku za baiskeli zinafaa?

Jibu: Zimefunza wengi. Wanaokumbuka masomo ya mikono ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, wanazijua vizuri: spoku imekatwa, ncha imesuguliwa kwenye jiwe. Tatizo ni unene. Spoku nyingi zina milimita 2 hivi, yaani namba 14 ya zamani. Kwa uzi mwembamba wa soksi za mtoto mchanga ni sindano nzuri kabisa. Kwa uzi wa sweta ya shule utapata kitambaa kigumu, tena utachoka na kumaliza uzi kabla ya kufika kwapani. Ukizitumia, zipige msasa mpaka zisikwaruze, na uzifute kila unapomaliza, maana huku kwenye unyevu kutu haichelewi, na alama ya kutu kwenye uzi mweupe haitoki.

Nikiulizwa nichague, anayeanza nitampa mianzi au mbao. Zinashika uzi, vitanzi haviponyoki. Chuma kinateleza, na hilo ni zuri kwa mkono uliozoea na unaotaka mwendo. Ila ujue kwamba ukihama kutoka mianzi kwenda chuma, hata kwa milimita zilezile, vitanzi vyako vinaweza kubadilika. Fuma mbele na nyuma ya sweta kwa sindano zilezile.

Swali: Kwa nini pindo la chini na la mikononi linataka sindano nyingine?

Jibu: Pindo linapaswa kukumbatia mwili. Ukilifuma kwa sindano ya mwili, baada ya kufuliwa mara chache linafunguka kama sketi. Mwili ukiwa wa milimita 4, pindo liwe la 3.25. Lakini kwenye kufunga vitanzi vya shingo fanya kinyume: shika sindano nene kuliko uliyofumia. Shingo iliyofungwa kwa kubana haipiti kichwa cha mtoto, na mtoto akilia kila asubuhi mama yake hatarudi kwako.

Swali: Na sisi wa kulabu? Nafuma vitambaa vya viti, mavini na wanasesere.

Jibu: Kila kimoja kina kulabu yake. Vitambaa vya viti vinataka uzi mwembamba wa pamba na kulabu ndogo ya chuma, milimita 1.25 hadi 2, ili maua yasimame yasilale. Jihadhari na namba za kulabu hizi ndogo kutoka Marekani: zenyewe, namba ikipanda kulabu inapungua, ilhali kulabu zao kubwa zinapanda na unene. Tena rejea milimita.

Mavini ya uzi wa kati inatoka vizuri kwa kulabu ya milimita 4.5 au 5. Mshono wa kulabu ni mzito kuliko wa sindano mbili, kwa hiyo uzi unaoufumia sindano ya 4 mara nyingi unapenda kulabu iliyopanda kidogo, la sivyo kofia inasimama kichwani kama bakuli. Mwanasesere ni kinyume: uzi huohuo, kulabu ya 2.5 au 3, mshono ubanane kabisa ili pamba ya ndani isichungulie.

Kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi. Itazame kulabu yako kwa karibu. Kuna kichwa, kuna shingo nyembamba chini yake, halafu kuna sehemu iliyonyooka. Unene ulioandikwa ni wa sehemu hiyo iliyonyooka. Ukimalizia kitanzi chako pale shingoni, kitanzi kinakuwa kidogo kuliko kipimo, na mstari unaofuata kulabu haiingii. Sukuma kitanzi kifike kwenye sehemu iliyonyooka kabla hujavuta uzi mwingine. Wengi waliokuja kwangu wakitaka kulabu kubwa walihitaji hilo tu.

Swali: Nina mashine ya kufuma sweta. Imeandikwa milimita 4.5. Ni sawa na sindano ya 4.5?

Jibu: La. Kwenye mashine, 4.5 ni umbali kati ya sindano moja na nyingine. Mashine ya nyuzi nene huwa na 9. Ukubwa wa kitanzi unaubadilisha kwa kile kigurudumu chenye namba, na sampuli inahitajika palepale.

Swali: Nina pesa kidogo. Ninunue nini kwanza?

Jibu: Jozi mbili za sindano, milimita 3.25 na milimita 4, na rula. Hizo zinafuma sweta ya shule kuanzia pindo hadi shingo. Sweta ya kwanza ikilipa, ongeza jozi ya 3.75 na ya 4.5, ili sampuli ikikataa uwe na pa kushukia na pa kupandia. Wa kulabu aanze na ya milimita 4, kisha 5. Usinunue seti kubwa ya rangirangi kwa sababu ni nzuri machoni. Nyingi ya hizo hutazigusa.

Na ninyi wenye vibanda vya nyuzi, hapa Sigowet, Sondu na Kapsoit, nawaomba jambo moja. Kabla hamjaitundika jozi ya sindano, ipimeni na muandike milimita kwenye karatasi yake, kwa tarakimu kubwa. Hamtapoteza chochote, na mama anayefuma atajua anachokinunua.