Zebaki haiozi: inakoenda baada ya dhahabu kuuzwa

Mkazi wa Kakamega, huenda umesikia kwamba mto hujisafisha. Kwa uchafu fulani ni kweli. Samadi ikiingia majini, vijidudu huila mpaka ikaisha. Dawa ya magugu kama glaifoseti huvunjwavunjwa na vijidudu vya udongo, kwa wiki au miezi kadhaa.

Zebaki ni jambo jingine. Hiyo ni elementi, kama chuma au dhahabu yenyewe, kwa hiyo haina vipande vya kuvunjwa. Inachofanya ni kubadili umbo na kuhama.

Kaunti yetu imechimba dhahabu tangu miaka ya 1930, na Rosterman na Ikolomani wachimbaji wadogo wangali kazini. Mawe husagwa, unga huoshwa, kisha zebaki humiminwa karaini ili ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa: zebaki hutoka kama mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Sehemu yake huvutwa na aliye karibu, nyingine hutua kwenye kuta, mabati na udongo wa shamba, na iliyobaki husafiri mbali na kurudi na mvua.

Zebaki inayomwagika na maji ya kuoshea ni nzito mno; lita moja ina uzito wa kilo 13.6. Huzama na kujificha katika matope, na nyingine hushikamana na chembe za udongo. Mvua kubwa ikikokota udongo huo, nayo huenda. Isiukhu humwaga maji yake Nzoia, na Nzoia huishia Ziwa Viktoria.

Hatari kubwa huanza pale matope yanapokosa hewa, kama kwenye vinamasi na mashimo yaliyoachwa yakajaa maji. Bakteria wa huko huigeuza kuwa methili-zebaki. Wadudu wa majini huimeza, samaki wadogo hula wadudu, samaki wakubwa hula wadogo, na kila hatua kiasi mwilini huongezeka. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, watu waliumia neva kwa kula samaki wa ghuba yao, na watoto walizaliwa wakiwa wameathirika.

Kuchemsha maji huua viini lakini hakuondoi zebaki, klorini vilevile. Kupika samaki pia hakusaidii, kwa sababu sumu imeshikamana na nyama yenyewe. Mwili huitoa polepole: nusu yake huchukua siku 50 hadi 70, mradi usiongeze nyingine.

Kwa hiyo kinga ipo kabla ya kumwaga. Donge lisichomwe jikoni wala karibu na mama mjamzito au watoto. Lichomwe kwenye ritoti, chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki hurudi kuwa kimiminika, nawe utaitumia tena badala ya kununua nyingine. Maji ya kuoshea yabaki kwenye shimo lililosakafiwa, mbali na mto na kisima. Na karai la mgodini lisirudi nyumbani kuoshea mboga, hata likisuguliwa likang'aa.