Jiko la Gesi Linapogoma Kutoa Cheche

Swichi ya jiko huzungushwa, mlio husikika, moto hauwaki. Huzungushwa tena na tena. Mpishi hudhani anapambana na ubovu mdogo, kumbe muda wote huo gesi inatoka; na kwa kuwa gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hutuama kulizunguka jiko na kushuka sakafuni. Cheche ikija kupatikana, huiwasha yote kwa mkupuo, na hapo ndipo nyusi na mikono huungua. Kwa hiyo moto usipowaka katika sekunde chache, swichi ifungwe, madirisha na milango ifunguliwe, na zipite angalau dakika tano kabla ya kujaribu tena.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Anayenunua jiko huonyeshwa namna ya kufunga mtungi. Namna ya kutunza kiwashio ni nadra kuelezwa. Kiwashio kikifa, katika nyumba nyingine mkaa hurudi jikoni, ilhali tatizo lenyewe huenda ni uji uliofurika.

Majiko mengi ya mezani hayahitaji umeme wala betri. Nyuma ya swichi mna kipande cha kauri maalumu ambacho kikigongwa na nyundo ndogo ya springi huzalisha umeme wa maelfu ya volti kwa kitambo kidogo sana. Umeme huo hupita kwenye waya hadi kwenye kijiti cha chuma kilichovikwa kauri nyeupe, kisha huruka kuelekea kichwa cha jiko, umbali wa takriban milimita 3 hadi 5. Mafuta, masizi au maji yakiwa njiani, umeme hupitia humo na cheche haionekani.

Usafi ndio tiba ya kwanza. Mtungi ufungwe, jiko lipoe, na lile la umeme lichomolewe ukutani. Ncha ya kijiti isuguliwe taratibu kwa mswaki mkavu wa zamani, bila kukipinda. Matundu ya kichwa cha jiko yazibuliwe kwa sindano. Njiti ya meno hukatikia ndani na kuongeza kazi. Vifuniko vilivyooshwa vikauke kabisa na vikae sawasawa mahali pake, kwa maana kifuniko kilichokaa upande huipeleka gesi kusikofikiwa na cheche. Jiko la betri linalotoa mlio wa kusuasua kwa kawaida linadai betri mpya tu.

Kauri nyeupe ikiwa na ufa, cheche hurukia pembeni kupitia ufa huo. Hapo kusugua hakusaidii, kijiti kibadilishwe. Moto unaowaka kisha kuzimika swichi inapoachiwa ni jambo jingine. Baadhi ya majiko yana kihisi cha joto kinachokata gesi moto ukizimika, na swichi yake hubonyezwa kwa sekunde 5 hadi 10 ili kihisi kipate joto. Kihisi kikipanguswa na tatizo likabaki, aitwe fundi.

Wakati wa kusubiri kipuri, jiko linaweza kuwashwa kwa kiberiti, mradi njiti iwake kwanza na gesi ifunguliwe baadaye. Wengi hufanya kinyume.

Harufu ya gesi ikisikika wakati swichi zote zimefungwa, suala si kiwashio tena. Mtungi ufungwe, taa isiwashwe wala kuzimwa, watu watoke nje, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu 114 kutoka mbali na nyumba. Baada ya hewa kusafika, maungio ya mpira yapakwe povu la sabuni: panapochemka mapovu ndipo panapovuja.