Kama Dunia Ingekuwa na Pete: Ungeiona Ukiwa Wapi, na Ingekukinga Jua Lini

Chukua pete za Zohali, uzipunguze mpaka zilingane na ukubwa wa Dunia, kisha uzizungushe juu ya Ikweta. Ukingo wa ndani ungekuwa kilomita 1,500 hivi juu ya vichwa vya watu wa Nanyuki na Mbandaka, na ukingo wa nje ungeishia kama kilomita 8,000 kwenda juu. Michoro mingi ya jambo hili inaonyesha upinde mweupe juu ya mji fulani, na kuishia hapo. Haisemi mji huo uko latitudo gani, wala ni mwezi gani wa mwaka. Hayo mawili ndiyo yangeamua karibu kila kitu: ungeona nini usiku, na jua lingefichwa lini mchana.

Kwanza tujue pete yenyewe ni nini. Galileo aliziona pete za Zohali mwaka 1610 bila kuelewa anachokitazama. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyeeleza mwaka 1659 kuwa ni pete iliyoizunguka sayari bila kuigusa. Miaka 200 baadaye, mwaka 1859, James Clerk Maxwell alithibitisha kwa hesabu kwamba pete haiwezi kuwa bamba moja gumu, kwa sababu lingevunjika. Ni vipande visivyohesabika, vingine vumbi na vingine vikubwa kama nyumba, kila kimoja kikizunguka sayari kwa njia yake. Vikigongana mara kwa mara hupoteza mwendo wa kupanda na kushuka, na mwisho vyote hulala juu ya Ikweta ya sayari. Ndiyo maana pete za Zohali, zenye upana wa makumi ya maelfu ya kilomita, sehemu nyingi zina unene wa mita 10 hivi tu.

Hapa kwetu kungekuwa na tofauti moja kubwa. Pete za Zohali karibu zote ni barafu, na barafu hiyo inadumu kwa kuwa Zohali iko kilomita bilioni 1.4 kutoka kwenye jua. Kwa umbali wetu, barafu ingegeuka mvuke na kupotea. Pete ya Dunia ingekuwa ya mawe na vumbi, ya kijivu kama uso wa mwezi. Hata hivyo ingefunika eneo kubwa sana la anga, na nuru yake ingepita ya mwezi mpevu mara nyingi.

Tafuta mji wako

Nyosha mkono mbele yako na ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni takriban digrii 10 za anga, na kipimo hicho kinatosha kwa hesabu zifuatazo.

Mtu wa Kampala, aliye karibu kabisa na Ikweta, angeitazama pete kwa ubavu. Angeona ukanda mwembamba wa digrii moja tu, ukitoka mashariki hadi magharibi na kupita karibu na utosi. Nairobi ukanda ungefika kama digrii nne. Dar es Salaam ungekuwa na upana wa ngumi mbili, umeegemea upande wa kaskazini. Muscat ungezidi ngumi tatu, safari hii ukiwa upande wa kusini. London upinde ungeonekana chini chini, digrii 13 tu juu ya upeo wa macho, na sehemu yake ya ndani ingefichwa na mviringo wa Dunia. Ukivuka digrii 64 huoni kitu. Watu wa Reykjavik wangeisikia pete kwa kusimuliwa.

Hili lingewafaa manahodha kuliko watu wote. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota ya jaa kwa kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakajua wako umbali gani kaskazini. Lakini nyota hiyo hupotea ukivuka Ikweta kwenda kusini. Pete isingepotea. Nahodha wa jahazi angepima kimo chake akiwa Kilwa au Comoro, akajua latitudo yake bila chombo kingine.

Kivuli: jambo la kuangaliwa zaidi

Dunia imeinama digrii 23.4, na kwa sababu hiyo jua huhama kaskazini na kusini mwaka mzima. Jua likiwa kaskazini, huangaza uso wa kaskazini wa pete na kivuli huangukia nusu ya kusini. Likihamia kusini, mambo hugeuka. Maana yake ni kwamba kivuli kingemfuata kila mtu katika miezi yake ya baridi, na mwanga wa usiku ungemjia katika miezi yake ya joto. Kwa watu wa mwambao kusini ya Ikweta, wakati wa kaskazi pete ingewaka, na wakati wa kusi ingefifia usiku huku ikikinga jua mchana.

Pete za Zohali hazina msongamano sawa wa vipande. Ile ya kati ni nzito na huzuia sehemu kubwa ya mwanga; ya ndani ni nyepesi, mwanga mwingi hupenya. Nimekokotoa kivuli cha ile nzito kwa saa sita mchana. Nairobi kingepita kwa siku chache tu, mwishoni mwa Machi na tena katikati ya Septemba. Dar es Salaam kingekaa majuma mawili, karibu Aprili 8 hadi 23, kisha kingerudi Agosti 20 hadi Septemba 4. Katikati ya vipindi hivyo jiji lingekuwa chini ya kivuli chepesi cha pete ya ndani. Mwezi Juni kivuli kizito kingekuwa kimefika Lusaka, Harare na Pretoria, ambako tayari ni kipupwe. Desemba kingekuwa Khartoum, Makka na Muscat. Muscat kingedumu kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari.

Kwa mkulima wa Tanzania, Aprili ni masika na mahindi yako shambani. Majuma mawili ya jua hafifu, pamoja na mawingu ya msimu, si jambo dogo. Mwenye umeme wa jua angelazimika kuongeza betri au paneli kwa ajili ya tarehe hizo, lakini angalau angezijua mapema, kwa kuwa kivuli cha pete hufuata kalenda bila kukosea.

Usiku, kazi na ibada

Wanaovua dagaa kwa taa, katika Ziwa Victoria na baharini, hutegemea usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu na wengi hupumzika. Pete ingewanyang'anya wa Mwanza na Musoma giza hilo kwa miezi mingi kuanzia Oktoba. Nafuu wangeipata saa sita usiku, pale kivuli cha Dunia kingeikata pete katikati, na siku za karibu na Machi 20 na Septemba 23, jua linapokuwa usawa wa pete na nyuso zake zote mbili hukosa mwanga.

Waangalizi wa mwezi mwandamo nao wangepata kazi mpya. Hilali hutafutwa magharibi mara jua linapozama, na pete ingeshuka kwenye upeo wa macho upande huohuo. Kuna miezi ambayo hilali nyembamba ingekuwa nyuma ya pete, haionekani hata anga likiwa safi. Naamini suala la mwandamo, ambalo linajadiliwa sana hata sasa, lingekuwa zito zaidi.

Safari za anga zingebadilika pia. Desemba 12, 1970, setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini huko Ngomeni, karibu na Malindi, na ukaribu wa Ikweta ulikuwa faida kubwa. Uhuru ingepita salama, kwa kuwa ilizunguka chini sana kuliko pete. Lakini setilaiti za mawasiliano zinazokaa kilomita 35,786 juu ya Ikweta zingelazimika kupanda kwa mzingo wa kuinama ili zisikatize ndani ya mawe. Mawimbi ya setilaiti za GPS, zilizo juu ya pete, mengine yangelazimika kuipenya.

Vipande vya ukingo wa ndani vingekuwa vikidondoka polepole, na vimondo vingeonekana zaidi karibu na Ikweta.

Huenda imeshatokea

Mwaka 1848 Mfaransa Édouard Roche alionyesha kuwa gimba likikaribia mno sayari huvunjwa na mvutano wa sayari hiyo. Mwaka 2024, watafiti wakiongozwa na Andrew Tomkins wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walichunguza mashimo 21 yaliyochimbwa na mawe ya angani karibu na miaka milioni 466 iliyopita. Waliporudisha mabara mahali yalipokuwa wakati huo, mashimo yote yaliangukia ndani ya digrii 30 za Ikweta. Wanapendekeza kwamba asteroidi ilivunjika karibu na Dunia na kuacha pete, na kwamba kivuli chake huenda kilichangia baridi kali iliyofuata. Ni nadharia, bado inapimwa, ila inaendana na hesabu za kivuli tulizoziona.

Kwa sasa pete za kutazama ni za Zohali. Machi 2025 zilitugeukia ubavu zikawa kama zimetoweka, na tangu hapo zinafunguka mwaka hadi mwaka mpaka zitakapokuwa wazi kabisa karibu na 2032. Darubini ndogo inayokuza mara 25 au zaidi inatosha. Kama shule au jirani yako anayo, mwombe aitoe nje usiku usio na mawingu, na uwaite watoto nao waone.