Jokofu, Hita na Kiyoyozi: Namna ya Kuupunguzia Mtaa Mzigo wa Jioni

Umeme wa gridi ya Taifa hutumika wakati ule ule unapozalishwa. Mahitaji yakizidi uzalishaji, baadhi ya maeneo hulazimika kukatiwa, kama tulivyoshuhudia katika mgawo wa mwaka 2023. Mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, lilianza kuzalisha. Hata hivyo, wingi wa umeme bwawani haumsaidii mkazi wa Wazo ikiwa transfoma ya mtaa wake imezidiwa.

Mzigo wa jioni

Tuchukue mfano. Nyumba 60 zikiwasha hita za maji za kilowati 1.5 kwa pamoja, mzigo ni kilowati 90. Transfoma ya kVA 100 hukaribia kikomo kabla ya kuhesabu taa, pasi na feni.

Vifaa vinavyoweza kusubiri

Taa haiwezi kusubiri giza likishaingia. Vifaa vya kupoza na kupasha joto vinaweza, kwa kuwa hutunza baridi au joto.

1. Hita ya maji. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 27 hadi 60 huhitaji takriban uniti 2. Iwashe alasiri, kisha izime. Tangi lililokingwa vyema hutunza joto hadi usiku.

2. Friza. Anayeuza barafu au samaki agandishe bidhaa mpya asubuhi, si jioni. Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, hutunza baridi kwa takriban saa 48; iliyojaa nusu, saa 24. Jokofu la kawaida hutunza kwa saa 4 tu. Hivyo hatushauri kulizima, hasa lenye dawa kama insulini.

3. Kiyoyozi. Poza chumba kabla ya jua kuzama, ukifunga madirisha na mapazia. Usiku kiweke nyuzi 26 na uongeze feni.

Umeme unaporudi

Majokofu na viyoyozi vyote vikianza kwa pamoja huvuta umeme mwingi kuliko kawaida, na fyuzi ya transfoma huweza kukatika tena. Umeme ukikatika, zima vifaa hivyo na uache taa moja. Ukirudi, subiri dakika 5, kisha washa kimoja kimoja, ukianza na jokofu.

Faida kwa mtumiaji

Kwa mtumiaji wa nyumbani, bei ya uniti ni ile ile mchana na usiku. Kwa hiyo kubadili muda pekee hakupunguzi gharama za LUKU. Kinachopunguza ni kutumia uniti chache, kama kuepuka kukishusha kiyoyozi hadi nyuzi 18. Faida ya kubadili muda ni mtaa kubaki na mwanga, na chakula kutoharibika.

Nyumba moja haitoshi, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Tunawashauri wapangaji na majirani wanaotumia transfoma moja wakubaliane kuhusu saa za hita, na wauza barafu washirikishwe.